Hujapata? Muulize Mama

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti wala kumjulia mtu hali, mkurugenzi wa Kurunzi alihesabu maneno. Alisimama nyuma ya kiti cha mbunifu wa kurasa, akaegemea meza, akaelekeza kalamu kwenye skrini na kuhesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Mwaka jana maneno yalikuwa sitini na moja. Jumatatu ile yalikuwa matano.

"Matano," alisema. "Tunakaribia."

Kurunzi ilikuwa mtambo wa kutafuta mambo mtandaoni, mdogo, wa watu kumi na mmoja waliobanana kwenye ghorofa ya tatu juu ya duka la vioo na fremu. Unafungua ukurasa, unaandika unachotaka, unabonyeza, unaletewa kurasa za kusoma. Ule mtambo mkubwa unaotumiwa na dunia nzima ulikuwepo pia, bila shaka, na mkurugenzi aliuota usiku na mchana. Alikuwa na imani moja maishani, kwamba ule mkubwa uliwashinda wenzake kwa weupe. Ukurasa mweupe, kisanduku kimoja katikati, basi. Wenzake walijaza habari, hali ya hewa, nyota za wiki na picha za wasanii, wakafa na makorokoro yao. Yaliyo nyuma ya kisanduku hicho, watu wangapi na mashine ngapi zinazokesha huko, hakuwa na hamu ya kuyajua. Ukimuuliza angekwambia weupe ndio siri, na angekwambia kwa nusu saa nzima.

Mbunifu wake, mwanamke wa miaka thelathini na minane, walimbandika jina la Kifutio, kwa sababu mwaka mzima kazi yake ilikuwa kufuta. Alifuta hali ya hewa. Akafuta salamu za asubuhi, akafuta na picha ya kurunzi yenyewe, ile yenye miale ya njano aliyoichora kwa mkono wake kwa wiki mbili. Wabunifu wengine ukiwagusia kazi yao wananuna siku tatu. Huyu alisema "sawa", akafuta, akaenda kunywa chai. Mkurugenzi alimsifu mbele za watu kwamba ana moyo wa kazi. Hakuwa na moyo wa kazi wala wa kitu kingine. Alikuwa amekufa ganzi.

Ilimwanza siku ya mazishi ya kaka yake. Kaka huyo ndiye aliyeianzisha Kurunzi pamoja na mkurugenzi, marafiki toka shule, na ndiye aliyeuandika mtambo wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alianguka kwenye ngazi za ofisi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kikombe cha chai mkononi. Moyo, walisema madaktari, na wakasema hakuna ambacho kingefanyika. Watu walilia. Kifutio alipokea mikono, akagawa sahani, akakumbuka kuzima jiko, akingoja zamu yake ya kulia ifike. Haikufika. Ukipigwa sindano na daktari wa meno, shavu lako unajua lipo, unaweza kuligusa kwa kidole, lakini ni kama la mtu mwingine. Alikuwa hivyo mwili mzima, na sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu mazishi.

Maneno matano yaliyobaki yalikuwa haya. Juu, Kurunzi. Kwenye kitufe, Tafuta. Na chini ya kisanduku, kwa herufi ndogo za kijivu: Hujapata? Muulize Mama.

Mkurugenzi aliugusa mstari huo wa chini kwa ncha ya kalamu.

"Na huu nao," alisema, sauti ikiwa imeshuka kidogo.

*

Mama alikuwa mama kweli. Alikuwa mama wa marehemu na mama wa Kifutio, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyefanya kazi maktaba miaka thelathini na minne akiorodhesha vitabu kwenye kadi. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi miwili, akapanga makopo ya jikoni kwa alfabeti, kisha akaanza kuyaandikia. Mwanawe alimkuta siku moja anaiandikia chumvi kadi yake. Kesho yake alimchukua akampeleka ofisini, akaondoa maboksi kwenye stoo ya mwisho wa ukumbi, akamwekea meza, kompyuta na makabati mawili ya droo ndogo ambayo maktaba ilikuwa inayatupa. Halafu akaandika ule mstari chini ya kisanduku, kwa mzaha tu, aone nani atauliza.

Waliuliza. Mtu aliyetafuta asipate alibonyeza mstari, akaandika barua, na kengele ndogo ikalia kwenye kompyuta ya Mama. Mama alikuwa na utaratibu wake na hakuruka hatua hata moja. Kwanza alifungua ukurasa wa mbele kama mtu yeyote wa mtaani, akaandika maneno yale yale ya mwenye barua, apate kuona alichokiona mwenzake. Kisha alijiuliza huyu anataka nini hasa. Kisha alitafuta ukurasa unaomfaa, hata kama ni kwa siku nzima. Mwisho alichukua kadi: juu aliandika maneno ya mtu, katikati anachokitaka hasa, nyuma mahali pa kukipata. Mwenye barua akajibiwa, na kadi ikaingizwa kwenye mtambo, ili kesho mwingine akiuliza vile vile aletewe ukurasa ule moja kwa moja.

Kuna aliyeandika "mlango unalia", mtambo ukamletea nyimbo za mapenzi. Mama akampeleka kwa fundi aliyeeleza namna ya kutia bawaba mafuta. Kuna aliyeandika "baba hataki kula", akaletewa matangazo ya migahawa. Huyo Mama alimhangaikia siku mbili, mpaka akaupata ukurasa wa muuguzi mmoja wa wazee, mrefu, wa maneno ya kueleweka. Tangu hapo kila aliyekuwa na mzee asiyekula, akipita Kurunzi, alifika kwa muuguzi yule na kudhani mashine ina akili sana. Miaka sita, kadi elfu thelathini na kitu.

"Akili ya mashine," kaka alikuwa akimtania, "ina miaka sitini na saba na magoti yanayouma."

Na mkurugenzi akianza wimbo wake wa weupe, kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Sawa, ni mweupe. Umeona jasho lililo nyuma yake?" Wakacheka wote wawili, maana wakati ule hilo lilikuwa jambo la kubishania kwenye chai.

*

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, hilo liwekwe wazi. Hakufuta kitu bila kupima. Aliagiza jaribio la wiki tatu: nusu ya watembeleaji wauone mstari wa Mama, nusu wasiuone. Kifutio aliliandaa kwa asubuhi moja. Wiki tatu zilipokwisha, majibu yalikuwa kwenye jedwali, na mkurugenzi aliyasoma akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Wenye mstari wanakaa dakika mbili na nusu," alisema. "Wasio na mstari, sekunde arobaini. Unaona?"

"Naona."

"Wanaondoka haraka kwa sababu wanapata haraka. Mstari ulikuwa unawachelewesha."

Jedwali lilikuwa pana kuliko skrini, na upande wa kulia, nje ya macho, palikuwa na safu moja zaidi. Hiyo ilihesabu watu walioondoka bila kufungua ukurasa hata mmoja. Kifutio alijua ipo, yeye ndiye aliyeiweka. Kuiona kulitaka kusogeza kidole tu, naye hakukisogeza. Hakuwa na hila wala woga. Hakuona tofauti yoyote kati ya kusogeza na kutosogeza, basi, na hapo ndipo mtu aliyekufa ganzi anapotisha: anaweza kuachia jambo likapita mikononi mwake na asijue kwamba ameliachia.

"Ni wa kaka yako, nalijua hilo," mkurugenzi alisema. "Kama unaona uzito..."

"Sioni."

"Na Mama? Nani atamwambia?"

"Nitamwambia mimi."

Akaufuta mbele yake. Haikufika hata dakika. Yalikuwa maneno pekee ya kaka yake ambayo watu walikuwa bado wanayasoma kila siku, na alipokwisha kubonyeza alitulia akajisikiliza, kama mtu anavyosikiliza bomba ajue kama linavuja. Hakukuwa na kitu. Akaenda kunywa chai.

Mama hakuambiwa siku hiyo, wala kesho yake.

*

Barua zilikuwa zimepungua nusu wakati wa jaribio. Sasa zikakoma kabisa. Wiki ya kwanza Mama alikagua waya za kompyuta, akamwita fundi wa seva, mtu mpole anayetembea na bisibisi mfukoni. Fundi akaijaribu kengele kutoka kwenye mashine kuu, ikalia vizuri, akasema kila kitu kiko sawa, Mama. Hakudanganya, kazi yake ilikuwa mashine, na mashine ilikuwa nzima. Wengine ofisini walijua kwamba mstari umeondolewa, lakini walidhani Mama ameshaambiwa na bintiye, na kwa adabu hawakumgusia kidonda. Mama mwenyewe hakuwa na sababu ya kuufungua ukurasa wa mbele. Aliufungua akiwa na barua ya mtu, na barua haikuwepo.

Wiki ya tatu, mezani nyumbani, Mama aliweka kijiko chini.

"Unajua kilichotokea, mwanangu?"

Kifutio alisimamisha mkono. Aliwaza kwamba sasa limefika, atasema, na akaona kwamba hata hilo halimshtui.

"Watu wamepata," Mama alisema. Uso wake ulikuwa umenawiri. "Kadi zimetosha. Kaka yako alikuwa akiniambia, Mama, siku moja barua zitaisha, kila swali litakuwa limeshaulizwa. Nikamwambia niondolee utani wako hapa. Kumbe."

"Kumbe," Kifutio alisema.

"Laiti angeona."

Mama akalia kidogo, kama alivyolia kila alipomtaja, akajipangusa kwa kiganja, akamtazama bintiye kwa upole.

"Nashukuru wewe umepoa. Mimi mwenzio bado linapanda linashuka. Lakini nikikuona umenyamaza hivyo nasema, afadhali mmoja wetu amepata nafuu."

"Nimepoa, Mama."

Akamaliza chakula chake. Kama kilikuwa na chumvi au hakikuwa nayo, hakujua.

Mama aliendelea kwenda kazini kila siku, viatu vimepigwa rangi. Alipangusa droo. Alichonga penseli zilizokwisha kuchongwa. Saa kumi alifunga mlango wa chumba cha mwisho, siku imepita bila kengele, akasema "si haba", akateremka ngazi zile akishika ukuta. Kifutio aliteremka nyuma yake. Kila siku alisema atamwambia wakifika chini, na wakifika chini Mama alikuwa anahema na kutabasamu, ikaahirishwa.

*

Mwezi wa kwanza bila mstari, gazeti moja liliusifu ukurasa mpya kwa utulivu wake, na watembeleaji wakaongezeka. Mkurugenzi alilibandika gazeti hilo ukutani. Mwezi wa pili walirudi pale pale walipokuwa. Mwezi wa tatu walianza kupungua, taratibu, kila wiki kidogo, na mkurugenzi akakuna kichwa na kufikia jibu ambalo yeye tu angelifikia, kwamba ukurasa haujawa mweupe vya kutosha. Aliagiza kivuli cha kisanduku kiondolewe. Akaagiza mstari wa kisanduku uwe mwembamba zaidi, uonekane kwa shida.

"Halafu kile chumba cha mwisho," alisema Alhamisi ile, akimwekea Kifutio karatasi mezani. "Kitakuwa cha vikao. Mama hana kazi tena, na si aibu, amefanya kazi kubwa. Mwisho wa mwezi tumfanyie shughuli ndogo ya kumshukuru, tumpumzishe. Hivi ulipomwambia kuhusu mstari, alilipokeaje?"

"Vizuri."

"Ni mtu mzima yule," mkurugenzi alisema, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi ulikuwa baada ya siku kumi na mbili. Kifutio alikiona wazi kile kitakachotokea: keki, makofi, mkurugenzi akisema mbele ya watu wote kwamba tangu mstari ulipoondolewa barua zimekwisha, na Mama amesimama pale na viatu vyake vilivyopigwa rangi, akisikia kwa mara ya kwanza. Alikiona kama anavyoona ukurasa kwenye skrini. Akarudi kwenye kazi yake, akaupunguza mstari wa kisanduku.

Kila akibadilisha kitu aliujaribu ukurasa, na kila akiujaribu aliandika neno moja, "jaribio". Miaka sita neno hilo hilo. Siku hiyo vidole viliandika kitu kingine, naye akavitazama vikiandika: kaka amefariki silii.

Akabonyeza.

Kurunzi ilimletea wauza majeneza. Ikamletea namna ya kuandika tangazo la msiba, na nyimbo za kuomboleza, na daktari wa macho makavu. Aliteremka mpaka mwisho wa orodha, akapanda tena juu. Halafu macho yakaenda yenyewe chini ya kisanduku, mahali ambapo mtu asiyepata huangalia, na pale palikuwa na weupe mtupu. Weupe safi, usio na doa, kazi ya mikono yake. Alikaa akiuangalia. Kisha akaufunga ukurasa, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya pale.

Saa ya jaribio, iliyoachwa ikihesabu muda wa kila mtembeleaji, ilimwandikia sekunde thelathini na nane. Kesho mkurugenzi angeihesabu kama ya mtu aliyepata haraka.

Ndipo aliposogeza kidole. Jedwali likasogea kushoto, safu ya mwisho ikatokea. Penye mstari wa Mama, watu wawili katika kumi waliondoka mikono mitupu. Pasipo na mstari, watu sita. Akapiga hesabu ya miezi mitatu, akairudia, ikatoka ile ile: watu elfu tisini na zaidi kidogo walifika mlangoni, wakakosa pa kuuliza, wakageuka.

Mstari ulikuwa umefutwa, lakini sanduku la barua halikuwa limefungwa. Watu wa kawaida hawakuwahi kuijua anwani yake, walibonyeza mstari tu. Ilikuwa ndefu, kaka aliitengeneza kwa tarakimu saba za namba ya Mama ya utumishi maktaba. Kifutio aliikumbuka yote. Akatumia akaunti ya majaribio isiyo na jina la mtu, akaandika: "Nimetafuta 'kaka amefariki silii'. Sikupata." Akatuma kabla hajabadili nia.

Mwisho wa ukumbi kengele ililia. Akasikia kiti cha Mama kikiburuzwa.

*

Jioni ile Mama aliteremka ngazi zote bila kushika ukuta.

"Nimepata barua," alisema mezani.

"Ya nini?"

"Ya watu haisemwi mezani." Ndiyo ilikuwa sheria yake siku zote. Alikula kidogo, akasukuma sahani, akawa anamwangalia bintiye juu ya miwani mpaka wakaondoa vyombo.

Ijumaa nzima mlango wa chumba cha mwisho ulifungwa. Jumamosi na Jumapili Mama alikuwa mpole kuliko kawaida, na hakumuuliza bintiye kitu.

Jumatatu mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, koti mwilini, kalamu mkononi. "Moja," alisema. "Mawili." Jibu likaingia hapo hapo, kwenye kona ya skrini. Kifutio alilifungua.

"Ndugu uliyeandika," Mama alikuwa ameandika, kama alivyomwandikia kila mtu. "Nimelitafuta swali lako kama ulivyolitafuta wewe. Nimekuta mstari wangu haupo kwenye ukurasa, kwa hiyo wewe umeniandikia kwa anwani uliyonayo kichwani. Anwani hiyo waliijua watu watatu, na mmoja amefariki. Nimetafuta siku nne. Kurasa za kumnyamazisha anayelia ni nyingi, ya kumliza asiyelia sikuipata. Kadi yako nimeiandika, iko kwenye droo. Njoo uisome."

"Umepatwa na nini?" mkurugenzi aliuliza.

"Nisubiri kidogo, bosi."

Ukumbi ule ulikuwa hatua ishirini na mbili. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi, Mama ameketi, mikono juu ya meza. Hakumwambia karibu wala nini, alimwonyesha droo kwa kidevu tu. Kadi ilikuwa ya mbele kabisa. Juu iliandikwa: kaka amefariki silii. Katikati, penye anachokitaka hasa: ana jambo la kumwambia mama yake, hajui aanzie wapi. Kifutio aliigeuza. Nyuma, penye mahali pa kukipata: chumba cha mwisho, nipo mpaka saa kumi.

"Ni mimi niliyeufuta, Mama."

"Najua."

"Nilibonyeza, sikusikia chochote. Nikasema nitakwambia."

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu."

Mama alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa upindo wa blauzi. "Kwa hiyo hawakupata," alisema.

"Hawakupata."

"Wangapi?"

Kifutio alimtajia idadi. Mama aliacha kupangusa.

"Na mimi nilikaa hapa nikijipongeza," alisema. "Nilikuwa nachonga penseli."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Alisema kama mtu anayeona aibu, mwanamke wa miaka sitini na nane aliyevaa vizuri kila siku kwa ajili ya watu ambao walikuwa hawapati pa kumwona, na Kifutio akausikia uchungu wa jambo lile, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Uliuma. Ulikuwa kidogo tu, lakini uliuma kweli, na ulikuwa wake mwenyewe. Ganzi ya meno nayo huachia hivyo, ukirudishiwa shavu lako unarudishiwa kwa maumivu.

Alirudi kwenye meza yake. Mkurugenzi alikuwa bado pale, amelivua koti. Kifutio hakukaa. Alilifungua jedwali, akalisogeza mpaka safu ya mwisho, akaondoka mbele ya skrini ili asome mwenyewe. Mkurugenzi alisoma. Akarudia. Akavuta kiti akakaa.

"Hii ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo. Niliijua, sikukuonyesha. Na Mama sikumwambia mpaka leo."

Mkurugenzi alikisogeza kiti karibu na skrini. Usoni alikuwa kama mtu aliyekuwa akipiga makofi ukumbini na kugundua kwamba watu wanatoka.

"Nilikuwa nawashangilia," alisema. "Kila mmoja aliyeondoka." Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Kaka yako angenicheka mwezi mzima."

"Chumba chake je?"

"Abaki nacho. Vikao tutafanyia kwenye ngazi kama zamani." Akaangalia ukurasa, na kwa kuwa mtu habadiliki kwa dakika tano, akaongeza, "Rudisha mstari. Lakini tutoe hilo neno Tafuta, mtu akikiona kisanduku si atajua?"

"Hilo nalitoa," Kifutio alisema. Yangebaki manne.

Akaurudisha mstari kwa herufi zile zile ndogo za kijivu. Haikufika hata dakika. Kisha akaenda tena chumba cha mwisho, akasimama mlangoni, maana hakujua pengine pa kwenda. Mama alikuwa ameshavaa miwani. Walingoja. Chini, dukani, mtu alikuwa anakata kioo.

Kengele ililia.

Mama aliifungua barua, akaisoma. Akaisoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka sita, akaigeuza skrini ili mtu mwingine aone.

"Nilikuwa nawaandikia zamani," barua ilisema. "Miezi miwili iliyopita nilikuwa na shida kubwa na baba, nikapatafuta pale pa kumuulizia Mama, sikupaona. Nilitafuta kila siku. Mlikuwa wapi? Swali lile limeshapitwa na wakati, baba hayupo tena. Leo nina jingine."

Kifutio alisoma mpaka mwisho, na machozi yakamtoka, mengi, bila sauti, yakamlowesha kola. Hakuyafuta. Mama alimsogezea kiti kwa mguu, akachukua kadi mpya, akaanza kuandika.